Vyakula vya Waayalandi na Majina Yake



Mtu akiulizwa katika nchi zetu, "Waayalandi wala nini?" hujibu upesi bila ya kufikiri, "Mbatata." Jibu hilo si uwongo, lakini ni nusu ya habari, tena ni ile nusu iliyo changa. Mbatata katika kisiwa kile ni mgeni wa miaka mia nne na ushei tu, na watu wale wamekula wakashiba, na wamekosa wakalala na njaa, kwa maelfu ya miaka kabla ya mgeni huyo kubisha hodi. Nasi tumeona si vibaya kuwaeleza wasomaji, khasa vijana wetu, namna vyakula vya watu hao vilivyogeuka, na namna majina ya vyakula yalivyogeuka pamoja navyo au yalivyokataa kugeuka.

Sababu ya kuyajua mambo haya ni kwamba binti yetu ni muuguzi katika mji wa Dublin, na mwaka juzi alitutaka twende kwake tukawasomeshe wajukuu Juzuu Amma. Tulikaa miezi mitano. Nyumba ya pili yake akaa bibi kizee wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa kusini ya jimbo la Mayo, upande wa magharibi, ambako lugha ya Kiayalandi ingali ikisemwa katika baadhi ya majumba. Bibi huyu ni hodari wa mazungumzo, na sisi mchana hatukuwa na shughuli watoto wakiwa skuli. Basi binti yetu kila alipopumzika kazi alikaa kati yetu akifasiri, bibi akaleta maneno yake na sisi tukaleta yetu. Mengine tuliyapata katika jumba la makumbusho, na katika vitabu ambavyo binti yetu alitusomea usiku watoto wakisha lala.

Kabla ya mbatata, chakula chao kilisimama juu ya ng'ombe. Walitumia maziwa mapya, maziwa ya mgando, siagi, na jibini za namna nyingi, na jumla ya vyote hivyo waliviita bánbhia, maana yake vyakula vyeupe. Pamoja navyo walikula uji na mikate ya oti, ambayo ni nafaka nduguye shayiri, kwani ngano hupata taabu kuiva katika mvua za kule. Nyama haikuwa ya kila siku. Ng'ombe alikuwa mali, na mwenye akili hali rasilimali yake. Ng'ombe kwa lugha yao ni bó. Njia ni bóthar, neno lililotokana na huyo huyo bó, na kijana wa kiume ni buachaill, ambalo asili yake ni mchunga ng'ombe. Leo kijana wa Dublin asiyepata kumgusa ng'ombe maisha yake huitwa buachaill, na barabara ya lami yaandikwa bóthar juu ya vibao vya serikali, wala hapana amkumbukaye ng'ombe.

Katika jumba la makumbusho la taifa, lililoko Kildare Street, tuliona siagi iliyochimbuliwa katika ardhi ya kinamasi. Watu wa kale walikuwa wakiizika humo, na maji yale baridi yasiyo hewa yakaihifadhi. Iko siagi iliyopimwa ikaonekana imepita miaka elfu tatu chini ya ardhi. Mjukuu wetu mdogo aliuliza kama yaweza kupakwa mkate, na mlinzi wa jumba akacheka sana.

Na katika vitabu vya sheria zao za kale mna kifungu tulichokipenda. Ilikuwa desturi mtoto kupelekwa kulelewa katika nyumba ya watu wengine, na sheria ikaweka chakula chake kwa daraja ya baba yake. Watoto wote walipewa uji. Lakini mtoto wa mtu wa chini alitiliwa siagi ya chumvi, na wa mkubwa siagi mpya, na wa mfalme asali. Uji ni ule ule mmoja. Heshima imo katika kile kinachotiwa juu yake. Tunawaomba wasomaji walishike jambo hili, tutalirudia.

Jambo lingine lililotushangaza ni siku zao za juma. Jumatano wao huiita Céadaoin, yaani mfungo wa kwanza. Ijumaa ni Aoine, yaani mfungo wenyewe. Na Alhamisi iliyo kati huitwa Déardaoin, yaani siku iliyo baina ya mifungo miwili. Majina haya yaliingia kwa watawa wa Kikristo wa zamani, waliokuwa wakifunga siku hizo mbili. Sisi twazihesabu siku kutoka Ijumaa, Jumamosi ya kwanza na Jumapili ya pili mpaka tufike Alhamisi, na wao wanazihesabu kwa kutokula. Na mtu ambaye hajatia kitu kinywani tangu alfajiri wana neno lake, céalacan, na kula asubuhi ni kuivunja hiyo céalacan, kama vile sisi tusemavyo kufungua kinywa. Kufunga kwa Jumatano kumesahauliwa tangu zamani. Kwa Ijumaa kulibaki kuacha nyama na kula samaki, mpaka Papa wa Roma alipolegeza sharti hilo mwaka 1966. Bibi alituambia kwamba samaki kwao alikuwa chakula cha toba, hapana aliyempikia mgeni wa heshima. Na hayo katika kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote! Sisi tuliokulia pwani ya mashariki ya Unguja tuliona jambo hili ni gumu kuamini, lakini ndivyo.

Sasa tuje kwa mbatata. Zilifika mwishoni mwa karne ya 16, na asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini. Jina lake lilisafiri pamoja nazo. Sisi wa pwani twasema mbatata, neno la Kireno. Wao husema práta, na kwao bibi husema fata. Yote hayo shina lake ni neno moja la wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambalo mwanzo lilikuwa jina la kiazi kitamu. Ndugu zetu wa bara husema viazi ulaya, na viazi hivyo si vya Ulaya hata kidogo.

Mwanzo zilikuwa mboga ya bustani ya kusaidia tu. Lakini katika karne ya 18 ardhi njema ilikuwa mikononi mwa makabaila, wengi wao wa asili ya Kiingereza, na mkulima maskini akapangishwa kipande kidogo kwa kodi kubwa. Nafaka aliyovuna na siagi aliyosukasuka vilikwenda kulipa kodi. Nguruwe naye, ambaye sisi tumeharimishiwa na wao humfuga, alilishwa mbatata akauzwa, hata akapewa jina la mzaha, "muungwana alipaye kodi". Kilichobakia kwa mkulima ni mbatata na maziwa yaliyokwisha tolewa siagi. Ekari moja ya mbatata ilitosha kulisha watu wa nyumba moja kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hapana nafaka iwezayo hayo katika ardhi ile. Kufika miaka ya 1840 watu wapatao milioni tatu hawakuwa na tegemeo lingine, na mwanamume wa kazi alikula ratili kumi hata kumi na nne kwa siku. Mbatata hazikai ghalani mwaka mzima, kwa hivyo mwezi wa saba, za zamani zimekwisha na mpya hazijawa, uliitwa Iúil an Chabáiste, Julai ya kabichi.

Na hapa tumefika penye neno tulilolipenda kuliko yote. Bibi alituambia kwamba mamake alipokuwa akipakua mbatata aliuliza, "Leo anlann ni kitu gani?" Binti yetu alitafuta namna ya kulifasiri neno hilo. Akajaribu "mchuzi", bibi akakataa. Akajaribu "mboga", akakataa. Akasema: anlann ni kitu chochote kidogo kiliwacho pamoja na chakula kikubwa ili kishuke, ikiwa ni samaki wa chumvi, au siagi, au maziwa, au hata maji ya chumvi ya kuchovya. Tukamwambia binti yetu, "Mama, hicho ni kitoweo." Bibi akalitamka neno letu mara tatu, na tangu siku hiyo hakuliacha. Waayalandi walipoanza kusema Kiingereza walichukua neno la Kiingereza lenye maana ya jiko wakalitumia kwa maana hiyo ya kitoweo, na Mwingereza akilisikia hafahamu yanayosemwa. Walikuwa na mzaha wa kimaskini pia. Nyumba isiyo kitoweo, kipande cha nyama au samaki mmoja hutundikwa juu ya meza, na kila mtu akimega mbatata huielekeza kule juu kwanza, kisha akaila, kama kwamba ameichovya. Na wana methali isemayo kwamba njaa ni kitoweo chema. Vijana wetu wanaosukuma sahani kwa kuwa samaki ni mdogo na waipime methali hiyo.

Lakini leo neno anlann limehama nyumba. Katika vitabu vya upishi na katika mikahawa huandikwa juu ya mchuzi mzito wa chupa na wa bakuli, ule wa nyanya na wa pilipili. Maana ya kitoweo imekwenda na watu waliokihitaji. Wajukuu wa bibi, wenye nyama na samaki kila siku, hawana haja ya neno la kile kidogo kinachoshusha kingi, kwa sababu kwao kidogo ndicho kilichokuwa kingi.

Katika mwaka 1845 ukaja ugonjwa wa mbatata, ukungu uliotoka Amerika, ukaozesha mashamba kwa siku chache. Mbegu waliyoipenda wakati ule, iitwayo Lumper, iliujibu ugonjwa kwa kuoza kabisa. Mwaka 1846 mavuno karibu yote yakapotea. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha zaidi ya milioni 8, na ya mwaka 1851 ikaonyesha milioni 6 na nusu. Wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yake, na zaidi ya milioni moja wakapanda merikebu kwenda Uingereza na Marekani. Na katika miaka hiyo hiyo nafaka na ng'ombe viliendelea kupakiwa bandarini kwenda kuuzwa Uingereza, kwa kuwa kodi ilikuwa haina budi kulipwa. Waayalandi huiita An Gorta Mór, Njaa Kubwa. Wenye kusema lugha yao ya asili huiita pia An Drochshaol, Maisha Mabaya. Bibi alipotutajia jina hili la pili alishusha sauti, na yeye amezaliwa karibu miaka mia baadaye.

Serikali ya Uingereza ilinunua mahindi Marekani ikayaleta. Kwa Kiingereza yaliitwa unga wa Kihindi, na sisi pia twasema mahindi kwa kuyanasibisha na Bara Hindi, na mmea wenyewe ni wa Amerika. Watu wa pande mbili za dunia wamekosea njia moja. Kwa Kiayalandi waliuita min bhuí, unga wa manjano. Hapana aliyejua kuupika, na mwanzo mahindi yalikuwa magumu, hayakusagwa sawasawa, yakawaumiza matumbo watu ambao matumbo yao yalikuwa matupu. Wasomaji wa rika letu wa Tanzania wataukumbuka unga wa manjano wa msaada tulioula utotoni, ambao watu waliupa jina la unga wa yanga. Tulipomweleza bibi habari hiyo alisema kwamba bibi yake hakutaka kuuona unga wa rangi ile ndani ya nyumba mpaka alipokufa.

Lipo neno moja zaidi la wakati ule, nalo ndilo chungu kuliko yote. Mwaka 1847 serikali ilifungua majiko ya supu, na katika mwezi wa Julai watu wapatao milioni tatu walikuwa wakila hapo kila siku. Kisha yakafungwa kabla ya mwaka kwisha. Pembeni ya majiko hayo palikuwa na jumuiya za Kiprotestanti zilizogawa supu kwa sharti, kwamba mwenye kula aiache dini yake ya Kikatoliki au awapeleke watoto wake katika skuli zao. Si wote waliofanya hivyo. Wale Wakristo waitwao Quaker walipika na kugawa bila ya kumwuliza mtu anasali wapi, na Waayalandi hawajawasahau kwa wema huo mpaka leo. Lakini kitendo cha wachache kiliingia katika lugha kikakaa. "Amekunywa supu" maana yake ni kwamba ameuza dini yake au amewasaliti watu wake, na ukoo uliosingiziwa hayo hubeba jina hilo vizazi kwa vizazi. Bibi alitutajia kijiji chao na nyumba moja katika kijiji hicho, na akatuomba tusiitaje, nasi hatuitaji. Sisi hatuoni kwamba aliyekunywa supu ile mwanawe akifa mikononi ni wa kulaumiwa. Lawama ni ya aliyeishika kata na kuweka sharti. Bibi hakukubaliana nasi katika hili.

Katika mwaka huo huo wa 1847 Sultani Abdulmajid wa dola ya Kiothmani alipeleka pauni 1,000 kwa ajili ya wenye njaa, na barua ya shukrani iliyotiwa saini na wakubwa wa Ayalandi imehifadhiwa Uturuki hata sasa. Wenyeji wa Amerika wa kabila la Choctaw, waliokuwa wamefukuzwa katika ardhi yao miaka michache nyuma, nao wakachanga walichonacho.

Waliokufa na waliohama zaidi walikuwa ni maskini wa magharibi, na hao ndio waliokuwa wakisema Kiayalandi. Mwaka 1851, lugha ilipohesabiwa kwa mara ya kwanza, waliobaki wakiisema walikuwa milioni moja na nusu, kama robo ya watu wote. Basi yalikwenda kaburini majina ya uji kwa unene na wepesi wake, na ya maziwa kwa kila hatua ya kuganda kwake, kwa kuwa jina la chakula halikai kitabuni, hukaa kinywani mwa mama apakuaye. Jibini ni mfano. Vitabu vya zamani vina majina mengi ya jibini za Kiayalandi, ngumu na laini, na utengenezaji wake ulikuwa umekwisha potea hata kabla ya njaa. Katika miaka ya 1970 mwanamke aitwaye Veronica Steele, wa rasi ya Beara katika jimbo la Cork, alianza kutengeneza jibini nyumbani kwa maziwa ya ng'ombe wake, na wengi wakamfuata, na leo jibini za Ayalandi zasifiwa. Jibini ile ya kwanza huitwa Milleens, jina la mahali. Chakula kimerudi, na majina ya kale hayakurudi nacho.

Baada ya njaa wakageukia mkate na chai. Mkate wao wa nyumbani haufanywi kwa hamira, hufanywa kwa magadi ya unga na maziwa yaliyotolewa siagi, na ulienea katika karne ya 19. Watu huuona leo kuwa ni wa kale sana. Chai ilianzia kwa matajiri, na mwishoni mwa karne hiyo ikawa imeingia kila kibanda. Wao huiita tae. Kwetu "kunywa chai" ni chakula cha asubuhi, pamoja na mkate au mihogo au chochote kilichopo. Kwao "chai" lilikuwa jina la chakula cha jioni, mkate na yai na kikombe. Chakula kikubwa, dinnéar, kililiwa mchana, kwa kuwa mkulima hurudi shambani na njaa. Siku hizi watu wa maofisini wamekihamisha chakula hicho mpaka usiku, na jina limekwenda nacho. Bibi alitualika dinner siku ya Jumapili. Binti yetu akafahamu ni usiku, na mwenyewe alituwekea saa saba mchana. Mbatata zilipoa. Alikuwa amezipondaponda na kabichi na maziwa na siagi, chakula kiitwacho colcannon, katika sufuria mpya aliyoinunua makusudi kwa kuwa alisikia sisi hatuli penye mafuta ya nguruwe. Tulizila zimepoa, na zilikuwa nzuri.

Mapenzi yao ya chai yapita kiasi. Wakati wa vita, mwaka 1941, posho ilishushwa hata ikawa nusu wakia kwa mtu kwa wiki, na bibi asema mamake alikausha majani yaliyokwisha pikwa akayapika tena. Na majani mengi wanayoyanywa sasa yatoka Kenya na Rwanda. Tulipomwambia kwamba kikombe alichokishika huenda kimetoka Kericho, alikitazama kana kwamba ndiyo kwanza akione.

Liko na jambo la mwani. Watu wa pwani ya Ayalandi tangu kale waliokota mwani miambani. Mmoja waliuita duileasc, wautafuna mkavu. Mwingine ni carraigín, maana yake jiwe dogo, huchemshwa na maziwa yakaganda, na hupewa mwenye kifua. Miaka ya njaa mwani na konokono wa miambani viliwaokoa wengi, na kwa sababu hiyo baadaye watu wakaona haya kuvila, vikawa alama ya umaskini. Sasa, wasomaji wetu wa Paje na Jambiani wajua kwamba akina mama wa huko walima mwani wa kuuza tangu mwaka 1989. Ule mwani huuzwa kwa ajili ya kitu kinachogandisha maziwa na dawa za meno, kiitwacho karaginani. Jina hilo limetokana na carraigín ya Waayalandi. Mke wetu amelima mwani miaka ishirini na tano, kiuno kimempinda, na bila ya kujua amekuwa akiuza kitu chenye jina la Kiayalandi.

Ayalandi ya leo si ile. Tangu nchi ilipoingia katika umoja wa nchi za Ulaya mwaka 1973 utajiri umezidi, na watu wa mataifa wamekuja na vyungu vyao. Waislamu peke yao ni zaidi ya elfu 80 kwa hesabu ya mwaka 2022. Katika mji mdogo wa Ballyhaunis, jimbo lile lile la bibi, kiwanda cha nyama ya halali kilileta Waislamu, na msikiti ukajengwa mwaka 1987. Bibi alilijua neno "halali" kabla ya kutujua sisi.

Na vijana wana chakula chao kipya. Katika maduka ya Wachina ya Dublin, yapata mwaka 2010, walianza kutia pamoja katika mfuko wa karatasi chipsi, vipande vya kuku vya kukaanga, vitunguu, pilipili mboga na viungo vikali. Huitwa spice bag. Chakula hicho kimeenea nchi nzima, na mwaka 2025 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ikaliandika jina hilo kuwa ni neno la Kiingereza cha Ayalandi. Bibi alikasirika. Alisema chakula cha mfukoni kilichobuniwa na wageni si cha Ayalandi. Tukamwambia kwamba mbatata nazo zilikuwa za wageni, na chai, na unga wa manjano. Akasema, "Hizo tulizililia." Hatukuwa na la kumjibu.

Kila Jumamosi baada ya darsa tuliwafanyisha wajukuu kazi moja. Tuliwapa daftari lenye safu tatu, Kiswahili na Kiayalandi na Kiingereza, waandike vyakula walivyokula wiki ile. Kiayalandi walikipata skuli, ambako husomeshwa kwa lazima, na kingine walimwuliza bibi. Kiswahili kilikuwa juu yetu, na hicho ndicho kilichokuwa kigumu kwao kuliko tulivyotaraji. Mkubwa, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa akiita kila kitu kisicho wali "food". Penye samli, safu ya Kiayalandi imebaki tupu, na penye bláthach, yale maziwa yaliyotolewa siagi, tulibishana na binti yetu siku mbili kama ni mtindi au sio, na nafasi ile tupu bado. Lakini penye anlann mdogo alijaza mwenyewe bila ya kuuliza. Bibi alipopita siku ile kuleta mkate, alimwonyesha, na bibi akawapigia simu wajukuu zake walioko Galway, akawasomea safu zote tatu, na kuwauliza kama walilijua neno hilo. Hawakulijua.

Wakataka kuandika na spice bag. Bibi alikuwa amekaa hapo hapo. Tuliwaruhusu, nambari ya arobaini na tatu, na katika safu ya Kiswahili mkubwa akaandika, "kuku na chipsi za mfukoni, halali".